Milioni 41 za kiwanja cha chuo, Tabora: jukwaa kwanza au ardhi kwanza?

Mlezi wa Vumbini

Habari za jioni wakuu. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, mnivumilie. Nimechoka kubishana kwenye kundi la WhatsApp ambako mtu akizidiwa hoja anatuma stika.

Mimi ni mwalimu wa takwimu kwenye chuo kimoja hapa Tabora mjini. Mpira sijaucheza wa maana. Miaka mitatu iliyopita mlezi wetu wa michezo alihamishwa, idara ikakaa kikao cha kumpata mwingine, na mimi nikachelewa kuingia. Nilipofungua mlango wote wakapiga makofi. Tangu siku hiyo filimbi ni yangu, ufunguo wa stoo ya mipira ni wangu, na lawama zote ni zangu.

Kiwanja chetu wanafunzi wanakiita Vumbini. Kipo nyuma ya mabweni. Upande mmoja kuna safu ya miembe mizee, upande wa pili pamekatwa njia na waendesha baiskeli wanaokwenda sokoni, na hata mechi ikiwa imepamba moto hawapindi, wanapiga kengele tu. Juni hadi Oktoba ni vumbi, mchezaji akikimbia unaliona vumbi lake kabla hujamwona mwenyewe. Ikifika Januari katikati panageuka bwawa. Mwaka huu tulikaribisha chuo jirani kwa mechi ya kirafiki, tukacheza dakika 22, halafu mpira ukaelea kwenye maji kama bata na refa akasema basi. Mbele ya goli la kaskazini pamechimbika, kipa akisimama pale anapungua kimo. Milingoti ni ya miti. Ule wa kulia mchwa wameshaumaliza kwa ndani, ukiugonga kwa kidole unalia kama debe tupu.

Sasa fedha. Wahitimu wetu wamechangishana kwa miezi 14 na wamefikisha 41,300,000. Nawashukuru kwa dhati, maana chuo chenyewe bajeti yake ya michezo ni mipira sita na nauli. Ila tangu Tabora United ipande Ligi Kuu msimu wa 2023/24 na watu wakaanza kwenda Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi kila wikiendi, kila mhitimu amekuwa mtaalamu wa viwanja. Kamati yao imeleta mchoro wa jukwaa: paa la bati, ngazi sita za zege, viti vya plastiki, nafasi 200, na ukuta wa marumaru wenye majina ya waliochangia. Fundi amekadiria milioni 38 na laki sita. Zinazobaki zinunue jezi.

Uongozi wa chuo nao unasema ardhi ipo, fedha haipo, ila unaweza kuongeza mchango wa michezo wa shilingi 20,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wanafunzi ni kama 1,900. Hesabu fanyeni wenyewe.

Mimi naona tunamfunga tai mtu asiye na suruali. Nataka fedha ianzie chini: kusawazisha, maji, nyasi, magoli ya chuma. Lakini nikiulizwa nyasi gani, maji kiasi gani, nakauka koo mbele ya watu ambao niliwafundisha mimi mwenyewe. Kama kuna aliyewahi kutunza kiwanja cha shule au chuo, hasa huku kwetu ambako miezi sita hatuoni tone, anipe darasa. Na lile la kumtoza mwanafunzi nalo mnalionaje? Kikao na kamati ni baada ya wiki mbili.

Kijana wa Gongoni

Jengeni jukwaa mkuu. Mtakaa kivulini mkitazama vumbi kwa raha zenu.

Mwisho wa Reli

Mwalimu, mwakeye. Mimi nipo Kigoma, Katubuka. Nimechunga viwanja miaka 16, kwanza cha shule, baadaye cha taasisi moja ambayo siitaji kwa kuwa nawadai mishahara ya miezi miwili na bado nina matumaini. Nyasi sijazisomea chuoni, nimezisomea magotini.

Kiwanja kamili ni mita 105 kwa 68. Hizo ni mita za mraba 7,140. Iandike namba hiyo kiganjani, kila kitu utakizidisha nayo.

Anza na mteremko. Kiwanja hakilazwi kama meza. Mgongo wake uko katikati, kutoka goli hadi goli, halafu kinashuka pande mbili. Asilimia moja inatosha. Kutoka mgongoni hadi mstari wa pembeni ni mita 34, kwa hiyo mshuko ni sentimita 34. Mchezaji haoni, mtazamaji haoni, maji yanaona. Chako kwa maelezo yako kimekuwa sahani. Kabla hujaita greda tafuta mpira wa leveli, ule mrija mwangavu wa mafundi ujenzi. Ujaze maji usiache povu, mmoja ashike ncha katikati, mwenzake azunguke na ncha ya pili, mpigilie vigingi kila mita kumi na muandike. Dereva wa greda asiyekuta vipimo atakwangua udongo mzuri wa juu akuachie kokoto, na siku yake utamlipa vilevile. Udongo wa juu ukwanguliwe kwanza na ulundikwe pembeni. Mkishamaliza kusawazisha chini, ndipo uurudishe.

Halafu uujue huo udongo wenyewe. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia udongo theluthi moja, jaza maji, tikisa mpaka mkono uchoke, ilaze usiku kucha. Asubuhi utaona matabaka, mchanga chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi, kiwanja kitapasuka kiangazi na kuteleza masika. Mchanga mtupu nao haushiki maji. Na kuna mtu atakushauri umwage udongo wa kichuguu kwa sababu unashika vizuri. Mwambie akafyatulie tofali. Ukishashindiliwa, mzizi wa nyasi haupiti pale.

Hapo nikuulize: kuna kichuguu ndani ya kiwanja au karibu? Huko Unyamwezini sitashangaa. Ukikikata kikawa sawa na ardhi umemnyoa mchwa nywele tu, malkia mwenyewe yupo ndani anaendelea kuzaa. Chimba umtafute malkia. Milingoti ya mti usirudie tena, weka bomba la chuma, unene usizidi sentimita 12, mita 7.32 kutoka mlingoti hadi mlingoti kwa ndani, mita 2.44 kutoka chini hadi mtambaa panya. Uizike kwenye zege. Goli la kuegesha likimwangukia mtoto linaua.

Nyasi: ukoka. Usidanganywe na mbegu za paketi. Ukoka unao bure kwenye kingo za mitaro yote ya mjini kwenu, unavumilia jua, na ukikanyagwa unazidi kutambaa. Chagua ule wa majani membamba. Kata vipande vyenye vifundo vitatu, panda sentimita 30 kwa 30. Ni mashimo elfu 79 na ushei. Usishtuke. Wanafunzi 400, kila mmoja mashimo 200, ni kazi ya asubuhi moja na uji. Pandeni mvua ikishakolea, Desemba, na Aprili mtakuwa na zulia kama hamtacheza humo. Hapo ndipo viwanja vingi vinapofia. Wiki ya sita kijani kinatokeza, mkubwa mmoja anafurahi, anatangaza bonanza.

Maji sasa, na hapa ndipo nilipolilia. Kiangazi ukoka wa kuchezewa unataka kama milimita 25 kwa wiki. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo ni lita 178,500 kwa wiki, uniti 178 na nusu. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye bili ya chuo, halafu tafuta kiti. Ukoka ukikosa maji haufi, unakauka juu na mizizi inalala, mvua ikirudi unaamka. Lakini ukichezewa umelala unang'oka, na hapo mnarudi Vumbini. Kwa hiyo ama mna kisima chenu, ama kiangazi mnapunguza mechi. Hakuna njia ya tatu, na jukwaa halinyweshi.

(Mashujaa wetu walipanda msimu uleule na timu yenu. Nilitaka tu kukumbusha.)

Kijana wa Gongoni

Mzee wa Kigoma umeshuka nondo. Lakini si waweke nyasi bandia tu, wamalize kelele?

Mwisho wa Reli

Kijana, Kaitaba pale Bukoba na Nyamagana pale Mwanza walipata nyasi bandia kwa mlango wa TFF na FIFA. Kwa milioni 41 mtanunua zulia la sebuleni. Tena zulia lenyewe linadumu miaka minane hadi kumi, linatolewa, linatandikwa jingine. Na jua la Tabora la saa nane mchana juu ya plastiki, vueni viatu mjaribu.

Mhitimu 2011

Mwalimu shikamoo. Kwa hiyo ndiyo umeamua kutuanika huku?

Mimi ni mmoja wa kamati. Nimetoa laki tatu yangu mfukoni na nimepigia simu watu 112. Mia moja na kumi na mbili, nina daftari. Wengine wana madeni, wengine wana wagonjwa, wengine hawapokei. Unajua kinachomfanya mtu atoe? Anataka siku moja apite na watoto wake awaonyeshe, lile jukwaa mnaliona, baba yenu yupo pale ukutani mstari wa tatu. Nani atapiga picha na mteremko wa sentimita 34? Ukoka nitauwekea fremu?

Sipingi nyasi. Nasema fedha hii ilichangishwa kwa jina la jukwaa. Nikirudi kwa watu wangu niwaambie tumeizika ardhini, mwakani nikipiga simu hakuna atakayeshika.

Mlezi wa Vumbini

Marahaba. Sijakuanika, sijamtaja mtu wala chuo. Na hilo daftari lako la watu 112 nakuheshimu nalo, mimi mwenyewe nisingefika kumi.

Ila wewe ulicheza namba sita pale. Nakumbuka ulivyotolewa kwa machela ya mlango wa darasa, goti limechanika kwenye kokoto, tukakuosha kwa maji ya chumvi. Hakukuwa na jukwaa, kweli. Lakini kilichokuchana goti si ukosefu wa jukwaa.

Mhitimu 2011

Goti usiliingize mwalimu. Bado linauma mvua ikitaka kunyesha.

Mtoto wa Ng'ambo

Mimi nimezaliwa Ng'ambo ya Tabora, na sasa naishi ng'ambo yenyewe, Marekani mwaka wa tisa. Nisogeze kiti.

Huku mambo ya michezo ya vyuo ni dini. Mpira wao wa miguu si huu wetu, wanashika kwa mikono na kugongana kama beberu, kiwanja kina urefu wa yadi 120 kwa upana wa yadi 53 na ushei, chembamba kuliko chetu. Lakini jukwaa ndilo linalotisha. Chuo Kikuu cha Michigan uwanja wake unabeba watu 107,601. Wa chuo! Oregon walifungua jengo la timu mwaka 2013 lililogharimu dola milioni 68, mfadhili wao ni Phil Knight, mwanzilishi mwenza wa Nike, ambaye alisoma palepale. Kwa hiyo Mhitimu 2011 asionekane mtu wa ajabu. Ugonjwa wa jina ukutani upo dunia nzima, na huku wanauuza kwa bei: jengo lina jina, chumba cha kuvalia kina jina, hadi kabati la mchezaji lina jina.

Ambacho hakionekani kwenye picha ni kwamba vyuo vingi idara ya michezo haijitoshelezi. Pengo linazibwa na chuo chenyewe na ada za wanafunzi, wengi wao hata mechi hawaendi. Na tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa mwaka wa kwanza ukomo ni kama dola milioni 20.5 kwa chuo, kwa hiyo sasa wale waliozoea kumwaga zege kila mwaka wanakuna vichwa.

Mnachoweza kuiga bila kuwa na Nike ni viwili. Wanachangisha kwa ahadi ya miaka mitano, mtu anasaini kutoa kidogo kidogo kila mwaka, si mara moja halafu basi. Na mchango mkubwa mara nyingi unaambatana na mfuko wa matunzo, fedha ambayo mtaji wake hauguswi, inaliwa faida tu. Huo wa pili nyumbani hatuna mazoea nao. Tunakata utepe, mgeni rasmi anaondoka, na fundi wa bomba anaanza kutafutwa.

Winga wa Kushoto

Samahani kaka zangu na wazee, mimi ni mwanafunzi, mwaka wa pili, na nadhani najua Vumbini ni wapi. Mwalimu shikamoo, usinitafute darasani.

Elfu ishirini kwa mwenye mkopo ni bumu (fedha ya kujikimu) la siku mbili. Kwa asiye na mkopo, na tuko wengi, ni wiki nzima ya wali maharage kwa mama pale getini. Mnaijadili kama vile ipo mezani inasubiri kuchukuliwa.

Pia nimesoma kote huku juu, nimeona greda, ukoka, malkia wa mchwa, majina ya marumaru. Wasichana hatujatajwa. Timu yetu ipo, ina miaka miwili. Tunabadilisha jezi nyuma ya mwembe wa tatu kutoka kwenye goli, wenzetu wawili wameshika khanga kila upande, na wale wa baiskeli ndio wanaokumbuka kupunguza mwendo hapo. Choo cha karibu ni cha bweni la wavulana. Mwezi wa tatu timu ya nje ilikuja kucheza nasi, kapteni wao akaniuliza kwa upole, dada, chumba kiko wapi? Nikamwonyesha mwembe.

Kama kuna senti ya kujenga kitu cha juu ya ardhi, kiwe vyumba viwili vya kuvalia na choo chenye maji. Wekeni majina ukutani humo, sisi hatuna neno, tutayasoma tukifunga kamba.

Mhitimu 2011

Binti umenikamata.

Mhasibu wa Kitete

Nimestaafu uhasibu wa taasisi za umma, sasa nafuga nyuki, asali ninayo, atakaye aniulize pembeni. Niseme mambo ambayo hayana nyasi.

Hizo 41,300,000 ziko wapi leo? Sisemi mmekula. Nauliza ziko kwenye akaunti ya jina gani. Nimeona michango mingi inayokaa kwenye laini ya simu ya mweka hazina, mtu mwema kabisa, halafu mtu mwema anafariki, na mjane anashindana na kamati juu ya namba ya siri. Fungueni akaunti ya benki ya umoja wa wahitimu, watia saini watatu, mmoja wao awe mtu wa chuo. Kama chuo ni cha umma, ikishaingia mikononi mwa chuo itatakiwa kupita kwa kontrolo namba, na manunuzi yapite NeST, mfumo uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Si ubaya, ila ina mwendo wake. Msipange greda ije wiki ijayo.

La pili, hati. Ardhi ya Vumbini ipo kwenye hati ya chuo au ni eneo la mmiliki wa chuo, au ni pori lililozoeleka? Hiyo njia ya baiskeli inanitia wasiwasi. Njia ikikaa miaka mingi watu wanaiona ni haki yao, na ukiweka uzio asubuhi utaitwa kwa mtendaji mchana. Kaeni na serikali ya mtaa mapema, muwahamishie njia mita kumi pembeni, muwape na mbao za kuvukia mtaro. Itawagharimu soda kreti mbili.

Nyasi bandia, kwa faida ya kijana wa Gongoni: bajeti ya 2021/22 ilileta msamaha wa VAT kwa nyasi za viwanja vilivyo kwenye majiji, kwa idhini ya TFF. Tabora ni manispaa. Msiuhesabu msamaha huo kabla ya kuuliza dirishani TRA.

Mfuko wa Maendeleo ya Michezo wa serikali upo, sehemu ya fedha zake inatoka kwenye michezo ya kubahatisha. Andikeni barua kupitia ofisa michezo wa manispaa, barua haina hasara, lakini msiihesabu kwenye bajeti. Ambacho ningekihesabu ni hili alilosema mtoto wa Ng'ambo. Tengeni milioni nane au kumi, msiziguse, ziwekeni UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi au mahali pa namna hiyo, na faida yake imsaidie mtunza kiwanja. Mzee wa Katubuka hapo juu anadai miezi miwili. Hakuna kiwanja kilichowahi kutunzwa na mtu mwenye njaa.

Na kumtoza mwanafunzi: kama wataamua kutoza, basi itajwe kwenye risiti kwa jina lake, isichanganywe na ada, na serikali ya wanafunzi ione matumizi kila muhula. Mimi nisingeanza nayo. Mngoje kwanza waone kijani.

Mwisho wa Reli

Mhasibu, nitumie hiyo asali, mimi nikutumie migebuka.

Mlezi wa Vumbini

Wakuu, nimerudi. Nimekaa kimya siku tisa kwa sababu nilikuwa nafanya nilichoagizwa.

Jumamosi asubuhi nilimwendea fundi wa Cheyo, akaniazima mpira wa leveli wa mita 40. Nikachukua wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza ambao bado wananiogopa. Povu ndilo lililotutesa, tulijaza maji mara tatu, kila tukipima tunapata jibu lake, mpaka mama wa uji aliyekuwa anapita akasema ingizeni maji polepole kwa kuyanyonya, siyo kwa kumimina kwa jagi. Tukanyonya. Tukapata. Katikati ya kiwanja ni chini ya mstari wa upande wa miembe kwa sentimita 11, na chini ya upande wa njia ya baiskeli kwa sentimita 6. Pale anaposimama kipa wa kaskazini ni shimo la sentimita 19. Nimeyachora kwenye karatasi ya grafu, kwa mara ya kwanza tangu nikabidhiwe michezo nimefanya kazi ninayoijua.

Chupa nimelaza sita, kutoka sehemu sita. Tano zina mchanga karibu vidole vitatu na mfinyanzi kama kidole kimoja. Ya sita, ya kona ya mashariki, imegoma kabisa kutulia, hadi leo maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa. Nikauliza wazee wa jikoni, wakacheka. Palikuwa na kichuguu pale zamani, uongozi uliopita ulikikata kikawa sawa na ardhi. Mzee wa Katubuka, walimnyoa kweli. Jumatatu tulichimba, na kwenye kina cha kiuno cha mtu tukakuta chumba cha malkia, kigumu kama chungu, kikubwa kama papai. Kijana aliyekivunja hakutaka kumshika, akamtoa kwa koleo. Mweupe, mnene kama kidole gumba, anapumua. Kuku wa mlinzi walimaliza kesi.

Mhitimu 2011 alikuja Jumapili kutoka Nzega kwa basi, hakuniambia. Nilimkuta amesimama kwenye lile shimo la kipa, mikono nyuma. Tulizunguka kiwanja mara mbili bila kusema mengi. Kisha akaenda kuuangalia mwembe wa tatu. Hajakubali kila kitu, msije mkadhani. Paa la bati bado analitaka, japo la watu 40. Majina bado anayataka, na hapo nimemwachia, maana ndiye mwenye daftari. Alichosema ni kwamba atawapigia tena wale 112, lakini safari hii atatuma kwanza picha ya malkia. Anadai kwa picha ile hata wasiopokea watapokea.

Kwenye kikao tunapeleka hivi: kisima na tangi, kusawazisha, magoli ya chuma, vyumba viwili na choo, na milioni nane ziende kulala. Makadirio ya kisima nimeyapata kwa watu wawili na yanapishana kama mbingu na nchi, kwa hiyo mwenye uzoefu na wachimbaji wa huku anitumie ujumbe. Ukoka tumeshaonyeshwa ulipo, mtaro wa karibu na stesheni, majani membamba. Dada Winga, sikukutafuta darasani, ila insha yako ya Alhamisi haina jina na mwandiko naufahamu.

Mpira wa leveli nimeurudisha. Fundi anasema una tundu jipya.